Kukimbia na Mbwa kwa Usalama Jijini Mwanza: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Malalamiko ninayoyapokea kutoka kwa wakimbiaji wa Mwanza wanaotaka kufanya mazoezi na mbwa wao yanafanana. Mbwa anavuta kamba mpaka bega linauma, au anagombana na mbwa wa mtaani, au anakwenda vizuri kwa kilomita mbili kisha analala katikati ya njia na kukataa kuinuka. Wenye mbwa hao huamini kwamba mnyama ni mvivu au mkaidi.

Sababu halisi ni nyingine. Mbwa wengi wa jiji hili ni walinzi: hufungiwa bandani mchana, hufunguliwa usiku, na hawajawahi kufungwa kamba wala kuiona daladala kwa karibu. Kumtoa mbwa wa namna hiyo nje ya geti na kuanza naye mchakamchaka wa kilomita tano ni kumdai kitu ambacho hakufundishwa na ambacho mwili wake haujaandaliwa kukifanya.

Jambo moja linatawala mwongozo huu wote: mbwa hukimbia kwa sababu wewe unakimbia, na ataendelea kukufuata hata pale mwili wake unapokuwa umeshaingia hatarini. Uamuzi wa kupunguza mwendo, kupumzika na kurudi nyumbani ni wako, kwa hiyo kazi yako kubwa si kumkimbiza bali ni kumtazama.

Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

Kifaa cha kwanza ni mkanda wa kifuani, yaani ule unaozunguka kifua na kupita katikati ya miguu ya mbele huku ukiyaacha mabega huru. Mkanda wa shingoni peke yake hukaba koo kila mbwa anapovuta, na mbwa anayekabwa hawezi kuhema vizuri, wakati kuhema ndiyo njia yake kuu ya kupoza mwili. Ukikosa saizi inayofaa madukani, fundi wa mabegi anaweza kukushonea kwa ule ukanda mpana wa nailoni unaotumika kwenye mabegi ya shule. Apime mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na mkanda ukishavaliwa, vidole viwili vipite kwa urahisi kati yake na manyoya.

Kifaa cha pili ni kamba ya nailoni au ya katani yenye urefu wa mita 1.5 hadi 2. Usitumie mnyororo, kwa sababu hupiga miguu ya mbwa anapokimbia na huweza kukukata vidole akishtuka. Kamba ndefu kuliko hapo humpa mbwa nafasi ya kuingia barabarani kabla hujamzuia.

Andaa pia vitu vifuatavyo:

- Chupa ya maji ya lita moja na kopo pana ambalo mbwa anaweza kunywea.
- Vipande vidogo vya ini lililochemshwa au dagaa wakavu wasio na chumvi, kwa ajili ya kumzawadia wakati wa mafunzo.
- Magazeti ya zamani au mifuko ya karatasi ya kuzolea kinyesi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo usiitegemee.
- Kisibau chenye mistari inayoakisi mwanga, kwa ajili yako.
- Kibano cha kutolea miiba na kupe, bandeji, na kipimajoto cha kidijitali kitakachotumika kwa mbwa peke yake. Hivi vitatu vinaweza kubaki nyumbani.

Mbwa ambaye amewahi kumng'ata mtu, au ambaye hujui atafanya nini mbele ya wageni, anahitaji kikapu cha mdomo. Kiwe kile chenye matundu makubwa kinachomruhusu kufungua kinywa, kutoa ulimi na kunywa maji. Kumfunga mdomo kwa kitambaa au kamba kisha kumkimbiza ni hatari kubwa, kwa sababu mbwa asiyeweza kufungua kinywa hawezi kupoza mwili.

Hatua ya 1: Hakikisha mbwa anafaa kukimbia

Anza na umri. Mifupa ya mbwa mchanga hukua kutoka sehemu laini zilizo karibu na maungio, na sehemu hizo zikiumizwa na mbio ndefu kabla hazijakomaa, mnyama anaweza kubaki na kilema. Mbwa wa kienyeji wenye miili midogo na ya wastani wasubiri mpaka watimize miezi 12. Mbwa wakubwa, kama jamani shepadi na rotiwaila, wasubiri mpaka miezi 18. Kabla ya hapo, matembezi ya kawaida na michezo ya uani yanatosha.

Kisha tazama umbo. Mbwa mwenye pua fupi iliyobonyea ana njia nyembamba ya hewa na hafai kwa mbio katika hali ya hewa yetu, hata awe na nguvu kiasi gani. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye miguu mirefu, manyoya mafupi na mwili mwembamba, ndiye ninayempendekeza kuliko wote. Watu hununua mbwa wa kizungu mwenye manyoya mazito kwa bei kubwa kwa ajili ya mazoezi, ilhali mnyama anayelihimili joto la hapa vizuri zaidi yuko tayari uani kwao.

Unene hupimwa kwa mikono. Pitisha viganja ubavuni bila kukandamiza: mbavu zisikike chini ya ngozi bila kuonekana zote kwa macho. Usipozisikia, mbwa amenenepa na anahitaji wiki kadhaa za kutembea tu. Zikiwa zimechomoza, mlishe kwanza na umchunguze minyoo.

Baada ya hapo mpeleke kwa daktari wa mifugo, au mwone afisa mifugo wa kata akuelekeze pa kwenda. Mwombe asikilize moyo na mapafu, apime miguu na kiuno, na akamilishe chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala: hutolewa kuanzia umri wa miezi 3 na hurudiwa kila mwaka, au kama daktari atakavyoelekeza. Ikiwa mbwa anachanjwa kwa mara ya kwanza, subiri angalau wiki 4 kabla ya kumtoa mtaani, kwa kuwa kinga huchukua muda kujengeka. Uliza pia kuhusu chanjo za magonjwa mengine ya mbwa, yaani parvo, distempa na leptospira, pamoja na dawa ya minyoo na ya kupe. Kupe wa maeneo haya hueneza magonjwa ya damu ambayo humfanya mbwa achoke haraka na kupauka ufizi, na mwenye mbwa akadhani ni uvivu.

Umefaulu hatua hii ukiwa na kadi ya chanjo mkononi na kauli ya daktari kwamba mbwa anaweza kuanza mazoezi.

Hatua ya 2: Mfundishe kamba ndani ya geti

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo matatizo karibu yote ya barabarani yanapozaliwa. Tenga wiki 2 mpaka 4, dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni, kabla mbwa hajala.

Siku za kwanza mvalishe mkanda wa kifuani na umwache azunguke nao uani huku ukimpa vipande vya ini. Akishauzoea, funga kamba na utembee naye kando ya ukuta. Akivuta, simama hapo hapo wala usimvute kwa nguvu. Subiri mpaka ageuke na kamba ilegee, ndipo mwendelee. Mbwa hujifunza kwamba kuvuta kunamsimamisha na kulegeza kunampeleka mbele. Ukikubali kuvutwa hata mara moja moja, somo linaharibika, kwa sababu ataendelea kujaribu bahati yake.

Chagua amri nne na watu wote wa nyumbani wazitumie hizo hizo: "twende" kwa kuanza, "taratibu" kwa kupunguza mwendo, "simama", na "acha" kwa kukiacha anachokinusa au anachotaka kukiokota. Ikiwa baba anasema "acha", mtoto anasema "toka" na mlinzi anatumia amri ya Kiingereza, mbwa hatashika hata moja. Amri ya "acha" ndiyo yenye thamani kubwa zaidi katika jiji la samaki, kwa sababu nitakazozieleza kwenye sehemu ya ufukweni. Ifundishe kwa kuweka dagaa sakafuni chini ya kiganja: mbwa akiondoa pua yake, mpe kipande kilicho bora zaidi kutoka mkono wa pili.

Mfundishe akae upande wako wa kulia. Vitabu vingi humweka mbwa kushoto, lakini magari yetu hupita kushoto, na mkimbiaji anayetaka kuyaona yanapokuja hukimbilia upande wa kulia wa barabara. Hapo majani na mtaro viko kulia kwako, na huko ndiko mbwa anapopaswa kuwa, ili wewe uwe kati yake na magurudumu.

Somo likishakaa, fungua geti na urudie yote hayo kwenye uchochoro wa mtaani, kwanza kukiwa kimya, kisha wakati watoto wanapotoka shule na bodaboda zinapopita. Umefaulu pale mnapoweza kutembea dakika 15 mtaani, kamba ikiwa imeinama chini kati yenu muda mwingi, na mbwa akikutazama unapotamka jina lake.

Hatua ya 3: Chagua saa na njia

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hutoa kidogo tu kwenye nyayo, na sehemu kubwa ya joto hulitoa kwa kuhema. Upepo wa ziwa humdanganya mkimbiaji, kwa kuwa jasho lako hukauka na wewe ukajisikia vizuri, huku mbwa mwenye manyoya akizidi kupata joto pembeni yako. Unyevu wa hewa ya ziwani nao hupunguza uwezo wake wa kujipoza kwa kuhema.

Wakati bora ni alfajiri. Mwanza jua huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 1:00 asubuhi mwaka mzima, hivyo anza mara tu unapoiona njia vizuri na uwe umerudi kabla ya saa 2:00. Jioni inaonekana nzuri lakini ina mtego: lami na miamba hubaki na joto la mchana kwa muda mrefu baada ya hewa kupoa. Kabla ya kutoka, weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami kwa sekunde 7. Usipoweza kuvumilia, nyayo za mbwa nazo hazitavumilia.

Mbwa anayelinda usiku ana tatizo lake. Ikifika alfajiri, amekuwa macho na mbioni saa nyingi, na kumwongezea mbio juu ya hapo ndiko kunakomfanya alale njiani. Usiku wa kuamkia siku ya mazoezi mfungie bandani alale, au umtenge mbwa mmoja kwa ulinzi na mwingine kwa mbio. Siku 3 kwa wiki zinatosha.

Kuhusu njia, tafuta udongo laini, kivuli na magari machache. Barabara za Kapripointi zina miti na upepo, ingawa zina vilima, hivyo ziache mpaka mbwa awe na wiki kadhaa za mazoezi. Njia za vumbi za Malimbe na Luchelele zinafaa wanaoanza. Barabara ya Makongoro kuelekea Pasiansi, ya Nyerere kuelekea Igoma na ya Kenyatta kuelekea Nyegezi zina daladala, mikokoteni na wafanyabiashara mpaka ukingoni, na sioni sababu ya kumpitisha mbwa huko akiwa anakimbia. Njia za juu ya miamba, hata kama zina mandhari ya kupendeza, zina kokoto za mawe makali yanayochana nyayo, na pimbi waliojificha kwenye nyufa wanaweza kumfanya mbwa aruke ghafla. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, hivyo mbwa abaki nyumbani siku unapokwenda huko.

Hatua ya 4: Jenga stamina kwa wiki 8

Misuli na pumzi hujengeka haraka, lakini nyayo, kano na maungio huchelewa. Ndiyo maana mbwa anayeonekana yuko tayari kwa kilomita kumi katika wiki ya pili huanza kuchechemea katika wiki ya tatu.

Wiki ya 1 na ya 2, tembeeni kwa haraka dakika 20 hadi 30. Wiki ya 3, kimbieni dakika 1 na kutembea dakika 2, mkirudia mara 7. Wiki ya 4, dakika 2 za kukimbia kwa 2 za kutembea, mara 5. Wiki ya 5, dakika 4 kwa 2, mara 4. Wiki ya 6, dakika 6 kwa 2, mara 3. Wiki ya 7, dakika 10 kwa 2, mara 2. Wiki ya 8, dakika 20 mfululizo kwa mwendo ambao wewe mwenyewe unaweza kuzungumza bila kukatika pumzi.

Kila mara anzeni kwa dakika 5 za kutembea, ambazo ndizo mbwa atakazotumia kunusa na kujisaidia. Akishamaliza haja zake hatakuwa na sababu ya kukusimamisha ghafla. Baada ya wiki ya 8, ongeza muda kidogo kidogo, usizidi sehemu moja ya kumi kwa wiki.

Mlishe angalau saa 2 au 3 kabla, au, lililo jepesi zaidi, mlishe baada ya kurudi akiwa ametulia nusu saa hadi saa nzima. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu akikimbia akiwa ameshiba yumo katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujisokota, hali inayoua ndani ya saa chache. Dalili zake ni tumbo lililovimba na kukaza, na kujaribu kutapika bila kutoa kitu. Hapo usisubiri hata dakika, mpeleke kwa daktari.

Mpe maji kidogo kidogo kila baada ya dakika 10 hadi 15. Mtazame ulimi. Ulimi uliotoka na kuyumba kwa mdundo wa hatua ni wa kawaida. Ulimi uliopanuka ncha ukawa bapa na kugeuka mwekundu wa kukoza, huku mate yakivutika kama nyuzi nzito, unakuambia umeshachelewa kupumzika. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole na uachie: weupe uondoke na rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Jifunze kufanya hivi mbwa akiwa mzima, ili siku ya shida ujue tofauti.

Mbwa akianza kubaki nyuma ya goti lako, au akitafuta kivuli cha kila mti, safari imekwisha. Tembeeni mrudi.

Hatua ya 5: Mkiwa njiani na watu na mbwa wengine

Watu wengi wanaogopa mbwa, na wana haki ya kuogopa. Ukimwona mtu mbele, punguza mwendo, fupisha kamba na umpishe kwa upana, ukimsalimu ili ajue umemwona. Usimwambie "haumi", hilo halimwondolei mtu hofu. Alfajiri utakutana na Waislamu wanaotoka msikitini, na kwa wengi wao mate ya mbwa ni najisi. Mbwa akimgusa mtu kanzu kwa pua yenye unyevu, utakuwa umemtia katika usumbufu wa kufua na kujitwaharisha. Vuka upande wa pili mapema. Vikundi vya mazoezi vya Jumamosi, vyenye nyimbo na filimbi, navyo si mahali pa mbwa anayeanza, na mashindano ya barabarani si mahali pa mbwa yeyote.

Usifunge kamba mkononi kwa kuizungusha kwenye kifundo. Mbwa akikurupuka kufuata paka, kifundo kitateguka au utaanguka mbele ya gari. Ishike kwa kiganja chote, na kwenye makutano ya barabara simama kabisa hata kama hakuna gari, ili iwe desturi.

Mbwa wa mtaani wakija, acha kukimbia, kwa sababu mbio huwaamsha hamu ya kufukuza. Mweke mbwa wako nyuma yako, usiwakazie macho, na urudi taratibu. Mara nyingi kuinama tu, kama mtu anayeokota jiwe, kunatosha kuwarudisha nyuma. Wakianza kupigana, usitie mkono katikati: wamwagie maji ya chupa usoni au weka kitu kati yao, kama kipande cha ubao au tairi bovu lililo kando ya njia.

Ukiumwa na mbwa yeyote, hata kama ni mchubuko mdogo, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaeleze kwamba umeumwa na mbwa. Usipake kitu kingine wala usisubiri kuona kama mbwa huyo ataugua. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, ilhali kuosha jeraha na kuchanjwa mapema huzuia ugonjwa. Mbwa wako akiwa ndiye aliyeumwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo aongezewe chanjo.

Hatua ya 6: Ufukweni mwa ziwa

Mchanga wenye unyevu ni mzuri kwa miguu, na ndiyo maana watu hupenda kwenda Igombe au Kayenze. Lakini ufukwe wa wavuvi ni mahali pa kazi. Asubuhi dagaa huwa wametandazwa mchangani au kwenye nyavu, akina mama wakiwageuza jua linapopanda. Mbwa akikatiza hapo hata mara moja ameharibu chakula na mapato ya mtu kwa nyayo zake. Fupisha kamba mpaka awe ubavuni kwako, tembea badala ya kukimbia, na mpite mbali na mahali pa kuanikia.

Hapo ndipo amri ya "acha" inapohitajika. Ufukweni kuna mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kuondolewa, na matumbo ya samaki, na mfupa wa sangara huweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Kuna ndoano zenye vipande vya chambo na nyuzi za nyavu zinazojisokota miguuni. Mbwa akimeza ndoano yenye uzi, usivute uzi huo. Ukate ukiacha sehemu ndefu inayoonekana, kisha umkimbize kwa daktari.

Usimruhusu kuingia majini wala kunywa maji ya ziwa. Ziwa Victoria lina mamba na viboko, na mbwa anayecheza kwenye maji ya kina kifupi ni windo jepesi la mamba. Wewe nawe unayemfuata majini unaweza kuambukizwa kichocho, ambacho kimeenea kandokando ya ziwa hili. Maji yakiwa yametanda utando wa kijani uliokoza kama rangi iliyomwagwa, huo ni mwani wa kijani-buluu, na baadhi yake una sumu inayoweza kumuua mbwa kwa kunywa au hata kwa kulamba manyoya baada ya kuoga. Akiingia humo, msuuze papo hapo kwa maji safi kabla hajajilamba, kisha mpeleke kwa daktari.

Zoa kinyesi chake. Mayai na mabuu ya minyoo hukaa mchangani, na watoto hucheza hapo peku.

Akizidiwa na joto: fanya hivi bila kusubiri

Dalili ni kuhema kwa nguvu kusikopungua hata akipumzika, ufizi mwekundu sana au uliopauka, kuyumba, kutapika, kuharisha, na mwishoni kuanguka na kutetemeka. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi za Selsiasi 38.3 hadi 39.2. Likifika 40 yuko hatarini. Likipita 41 ni dharura ya kufa na kupona.

Mweke kivulini penye upepo. Mmwagie maji mengi mwili mzima, hasa tumboni, makwapani, mapajani kwa ndani na kwenye nyayo. Maji ya bomba yanafaa. Mpepee kwa nguvu kwa kipande cha boksi au kwa fulana. Usimfunike kwa khanga mbichi ukaiacha juu yake, kwa sababu kitambaa hupata joto haraka na kulizuia humo. Mpe maji anywe mwenyewe kidogo kidogo, usimmiminie kooni.

Poza kwanza, safirisha baadaye. Joto likishuka kufikia 39.5, acha kumwagia maji ili asishuke kupita kiasi, kisha mpeleke kwa daktari ndani ya chombo kinachopitisha hewa. Bajaji ni nzuri kuliko gari lililofungwa vioo. Mpeleke hata kama ameshasimama na anatikisa mkia, kwa kuwa madhara kwenye figo, ini na damu yanaweza kujitokeza saa nyingi baadaye. Usimpe parasetamo, ibuprofeni wala diklofenaki. Dawa hizo za binadamu zinaweza kumdhuru vibaya.

Hatua ya 7: Baada ya kurudi

Tembeeni dakika 5 za mwisho kabla ya geti. Mbwa akishatulia, mlaze ubavu umkague kwa utaratibu ule ule kila siku. Panua vidole vya kila mguu utafute mbigili, kokoto na nyufa. Nyayo zenye afya ni ngumu na zina ukavu kiasi, na ile iliyolainika na kung'aa kwa wekundu inahitaji kupumzishwa siku kadhaa. Tafuta kupe ndani ya masikio, shingoni chini ya mkanda, kwapani na katikati ya vidole. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja bila kumkamua. Angalia mahali mkanda unapogusa: manyoya yaliyokatika maana yake ni kwamba umembana au unacheza.

Kuhema kwake kurudi katika hali ya kawaida ndani ya dakika 10 hadi 15. Mbwa aliyepumzika hupumua mara 15 hadi 30 kwa dakika. Kesho yake mtazame anapoinuka kutoka usingizini. Akiinuka kwa shida au akiepuka kukanyagia mguu mmoja, punguza programu kwa wiki moja, na akiendelea hivyo baada ya siku 2 au 3 mwone daktari.

Siku za kumwacha nyumbani

Mwache akiwa hajala vizuri, anaharisha, anakohoa au anachechemea, hata kama analia getini akikuona unavaa raba. Mwache siku 2 au 3 baada ya chanjo. Jike akiwa kwenye joto la kutafuta dume, hali inayokuja takribani mara mbili kwa mwaka na kudumu karibu wiki 3, asitoke kabisa, kwa sababu atawavuta madume wa mtaa mzima na ugomvi utakuangukia wewe.

Mwache pia siku za radi wakati wa vuli na masika, kwani mbwa anayeshtuka hukata kamba na kupotea, na mitaro ya Mabatini na maeneo mengine ya mabondeni hujaa maji kwa dakika chache. Mbwa akifikisha miaka 7 au 8, na mapema zaidi kwa wale wakubwa, rudisha programu kwenye kutembea kwa haraka na umpeleke kwa daktari akaguliwe moyo na maungio mara 2 kwa mwaka.